Mwili Wako Unatosha: Mazoezi Bila Mashine kwa Mkazi wa Garissa

Watu wengi wa Garissa huanza kufikiria mazoezi siku wanapotoka kwa daktari wakiwa wameambiwa presha imepanda au sukari imeanza kusogea juu. Swali lao la kwanza huwa la vifaa: nijiunge na jimu gani, na mashine nzuri ya kukimbilia inauzwa pesa ngapi? Ushauri wangu ni huu. Kabla hujatoa shilingi, tandika mkeka chumbani, jifunze miondoko sita inayotumia uzito wa mwili wako mwenyewe, uifanye kwa dakika 20 siku tatu kwa wiki, na siku nyingine utembee. Endelea hivyo kwa miezi mitatu. Baada ya hapo wengi wenu hamtaulizia tena bei ya mashine.

Nasema hivi kwa kuangalia maisha yetu yalivyo huku Kaskazini Mashariki: joto letu, umeme wetu, mavazi yetu, ratiba zetu za siku na mifuko yetu. Mazoezi yanayofaa ni yale ambayo mtu atayafanya wiki hii, wiki ijayo na mwaka ujao. Na kwa mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera, hayo ni mazoezi ya mkekani.

Kazi ya mwili imepungua

Wazazi wetu walioishi na mifugo hawakuhitaji makala kama hii. Mchunga ngamia hutembea kutwa nzima, huvuta maji kisimani kwa mikono, hukata miiba ya kuzungushia zizi na kubeba mwanambuzi begani akirudi nyumbani. Mama naye ndiye aliyebomoa nyumba ya miti na mikeka kila kambi ilipohama, akaipakia kwenye ngamia na kuisimamisha upya kule walikofika. Miguu, mgongo, mabega na viganja vyote vilikuwa na kazi.

Ukame umewaleta wengi mjini. Ule ulioanza 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo, na familia zilizopoteza mifugo zikahamia Garissa, Wajir, Mandera na vituo vidogo vya barabarani. Huku mjini mtu hukaa dukani tangu asubuhi, maji huletwa mlangoni na mkokoteni wa punda, na safari ya kutoka Bulla Iftin hadi Suq Mugdi hufanywa kwa tuktuk. Chakula kimebaki kile kile cha mtu anayefanya kazi ngumu: wali, pasta, nyama ya mbuzi, anjera na chai yenye sukari nyingi. Jioni wengine huketi kwenye miraa hadi usiku. Mlo haukupungua, kilichopungua ni kazi ya mwili.

Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ushauri huu haina jasho lolote: nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe presha na sukari, uandike namba zile kwenye daftari. Utazihitaji baadaye kujua kama mazoezi yanakusaidia.

Mashine inatoa nini, na inaacha nini

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mambo mawili. La kwanza ni mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kama kutembea kwa kasi, au nusu ya muda huo kwa mwendo mkali. La pili ni mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa, angalau siku mbili kwa wiki. Jambo hili la pili ndilo ambalo watu hulisahau.

Mashine ya kukimbilia na ile baisikeli isiyokwenda popote hushughulikia jambo la kwanza peke yake. Moyo na mapafu hufaidika, na miguu kiasi. Lakini kifua, mabega, tumbo na mgongo havipewi kazi yoyote ya maana. Na misuli huanza kupungua polepole tangu umri wa miaka 30 na kitu kwa mtu asiyeitumia. Kupungua huko ndiko kunakomfanya mzee ashindwe kuinuka mkekani bila kushikwa mkono. Ndiko pia kunakozidisha tatizo la sukari, kwa sababu misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya damuni baada ya mlo. Misuli ikiwa michache na haifanyi kazi, sukari hubaki ikizunguka.

Mazoezi ya uzito wa mwili hushughulikia yote mawili kwa pamoja. Chuchumaa na kuinuka mara 10, shuka chini upige pushapu 8, kisha panda na kushuka ngazi ya baraza mara 20 bila kupumzika. Utahema kama mtu aliyekimbia, na misuli itakuwa imefanya kazi ambayo mashine haiwezi kuipa.

Kuna pia upande wa vitendo. Mashine ya kukimbilia ina mota, mara nyingi ya nguvu farasi mbili hadi tatu, ina mkanda unaohitaji kupakwa mafuta yake maalum, na ina saketi inayoungua umeme unapopanda na kushuka ghafla. Vumbi letu laini hupenya chini ya mkanda na kuusaga. Ikiharibika, kipuri hufuatwa Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi. Ni kweli kwamba nje kidogo ya mji wetu pana mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, na taa zetu bado huzimika. Ndugu zetu wa Wajir na Mandera wametegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi. Halafu iko wapi nafasi ya kuweka chombo hicho? Katika chumba cha mabati ambacho saa nane mchana hakikaliki hata kwa mtu aliyelala?

Marubani waliokosa vifaa

Swali la kufanya mazoezi bila vifaa, mahali ambapo hali ya hewa hairuhusu mtu kuzurura nje, lilishajibiwa zamani katika nchi yenye tatizo lililo kinyume na letu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Kanada lilikuwa na marubani wengi ambao miili yao ilikuwa imezorota. Baadhi yao walikaa katika vituo vya mbali kaskazini, penye barafu, ambako hakukuwa na ukumbi wa mazoezi wala vifaa. Mtaalamu aitwaye Bill Orban akapewa kazi ya kutafuta dawa.

Alichobuni kilichukua dakika 11 kwa siku. Kilikuwa na mazoezi matano: kuinama na kujinyoosha, kuinua kiwiliwili ukiwa umelala chali, kuinua kifua na miguu ukiwa umelala kifudifudi, pushapu, na kukimbia papo hapo. Manne ya kwanza yalichukua dakika 5, na kukimbia dakika 6. Mpango wa wanawake ulikuja baadaye ukiwa na mazoezi kumi ya dakika 12. Vijitabu vyake vilisambaa kwa mamilioni na kutafsiriwa katika lugha nyingi, vikatumiwa na raia wa kawaida majumbani mwao.

Wataalamu wa leo wasingependekeza kila zoezi la Orban. Ile namna ya kuinama kwa kurukaruka huku magoti yamenyooka, kwa mfano, inaumiza mgongo. Lakini kanuni yake bado ina nguvu: muda mfupi, kila mara, bila kifaa, kuanzia chini na kupanda daraja moja baada ya jingine kulingana na umri. Rubani aliyezingirwa na theluji na mama wa Garissa aliyezingirwa na jua la nyuzi 37 wanahitaji kitu kimoja, yaani mazoezi yanayoenea katika chumba kimoja.

Miondoko sita ya kujifunza

Wa kwanza ni kuchuchumaa. Kama mwili umekaa muda mrefu bila kazi, anza na kiti: keti, kisha inuka bila kushika chochote. Ukizoea, ondoa kiti. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Sukuma makalio nyuma, shuka polepole huku ukihesabu hadi tatu, visigino vikibaki chini na magoti yakifuata upande wa vidole. Vuta pumzi ukishuka, itoe ukiinuka. Wengi wetu tunajua kuchuchumaa tangu utotoni, kwa hiyo faida iko kwenye ule upole wa kushuka.

Wa pili ni pushapu. Watu huikimbia kwa sababu huanza na ile ngumu kuliko zote. Anza ukiwa umesimama, viganja ukutani, na usukume ukuta. Ukiweza mara 15 bila taabu, hamia kwenye ukingo wa kitanda imara, kisha magoti mkekani, mwishowe vidole vya miguu. Hatua zote hizi ni pushapu kamili na hazina aibu. Mwili unyooke tangu kichwani hadi visiginoni au magotini, na viwiko vibaki karibu na mbavu.

Wa tatu ni daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Bana makalio, inua nyonga hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke, tulia kwa pumzi moja, shuka. Zoezi hili ni la kila anayelalamika kiuno, na hasa wenye maduka na madereva wanaokalia makalio yao siku nzima hadi yanasahau kazi yake.

Wa nne ni kupanda na kushuka. Tafuta ngazi ya baraza, kizingiti kipana au tofali mbili zilizojengewa zikashikana vizuri. Panda kwa mguu wa kulia, ulete wa kushoto, shuka kwa mguu ule ule, kisha badili. Kanyaga kwa unyayo mzima. Hapa ndipo mapigo ya moyo hupanda, na kwa vijana kamba ya kuruka inaweza kuchukua nafasi yake.

Wa tano ni ubao. Egemea viwiko na vidole vya miguu, au magoti kwa anayeanza, mwili ukiwa mnyoofu. Kaza tumbo na usiruhusu kiuno kulegea kuelekea chini. Sekunde 15 zinatosha mwanzoni. Pumua muda wote.

Wa sita ni kukaa ukutani. Egemeza mgongo ukutani, teleza chini hadi magoti yakunjike kana kwamba umekalia kiti, ubaki hapo. Mwaka 2023 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 270 kuhusu mazoezi na presha. Mazoezi ya aina hii, ambayo misuli hukazwa bila kiungo kusogea, ndiyo yaliyoongoza katika kushusha presha ya mtu akiwa ametulia. Wanaoyafuata kwa ukamilifu hukaa dakika mbili, hupumzika, na kurudia hadi zitimie mara nne, siku tatu kwa wiki. Anza na sekunde 20, hata ukibaki juu kidogo ya kiwango cha kiti. Mwenye presha asizuie pumzi hata kidogo, kwa kuwa kuzuia pumzi huku umekaza misuli huipandisha presha ghafla.

Liko pengo moja ambalo uzito wa mwili hauzibi vizuri, nalo ni kuvuta. Kwa hilo tumia jerikeni. Ile ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na kitu, kwa hiyo anza na ya lita 5. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja ukiegemea kiti, na uivute jerikeni hadi mbavuni mara 10 kila upande. Angalia kifuniko kimekaza, maji yakimwagika kwenye sakafu ya simiti utateleza.

Wiki yako ipange hivi

Chagua siku tatu zisizofuatana, tuseme Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Pasha mwili moto kwa dakika tatu ukitembea papo hapo na kuzungusha mabega. Kisha fanya mzunguko huu: kuchuchumaa mara 10, pushapu mara 8, daraja mara 12, kupanda na kushuka mara 10 kila mguu, ubao sekunde 20, kukaa ukutani sekunde 20. Pumzika dakika moja, rudia. Wiki mbili za mwanzo mizunguko miwili yatosha, baadaye ongeza wa tatu. Siku zinazobaki, tembea kwa kasi dakika 30.

Kipimo cha ukali kiko mdomoni mwako. Ukiwa katikati ya zoezi uweze kusema sentensi fupi, lakini usiweze kuimba. Ukiimba, ongeza kasi. Ukishindwa kusema, punguza. Kila wiki ongeza mara moja au mbili kwa kila zoezi. Ukifika mara 20 za kuchuchumaa bila shida, usikimbilie 50, bali shuka polepole zaidi au baki chini kwa pumzi mbili. Ngamia mchanga hapakizwi mzigo wa ngamia mzima siku yake ya kwanza, na anayefanya hivyo humpoteza mnyama. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida, ila maumivu makali ya kiungo, goti au bega, ni ishara ya kuacha zoezi hilo.

Asiyepata dakika 20 kwa pamoja azigawe. Zamani ilisemekana mazoezi yenye manufaa ni yale ya dakika 10 kwenda juu. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo, na sasa kila mwendo unahesabika. Mwenye duka anaweza kuchuchumaa mara 10 kabla ya kuvuta shata na mara 10 nyingine mteja akiondoka. Swala ni ibada na haiwi mahali pa mazoezi, lakini nyakati zake zimeshaigawa siku yetu vizuri. Mtu akifanya zoezi moja tu kila anaporudi nyumbani kutoka msikitini, jioni itamkuta ameshakamilisha mzunguko bila kutafuta saa ya ziada.

Joto, maji na mahali

Garissa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza baada ya saa kumi na mbili kidogo, mwaka mzima. Ratiba utakayoipanga leo haitavurugwa na msimu. Wakati bora ni baada ya swala ya alfajiri, kabla ya jua kukolea, na wa pili ni baada ya isha. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni usifanye zoezi zito, hasa Februari na Machi.

Kunywa glasi moja au mbili za maji kabla ya kuanza na uendelee kunywa kidogo kidogo. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kinauma, acha papo hapo, ingia kivulini na ujimwagie maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo ni dharura: mpoze kwa maji na umkimbize hospitali. Mgeni kutoka bara, awe mwalimu, askari au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, aupe mwili wake wiki mbili za kuzoea joto kabla ya kujaribu kasi aliyokuwa nayo kwao.

Anayetembea achague njia kwa busara. Ukingo wa mto Tana una upepo mzuri asubuhi, lakini una mamba na viboko, na saa za giza la alfajiri ndizo zao. Kwenye vichochoro vya mchanga, geuza viatu uangalie soli kabla ya kutoka na ukirudi, kwa kuwa mwiba wa mti wa mathenge hupenya ndala na hata raba nyembamba, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo dogo. Tembea na mwenzako, na ufuate maelekezo ya usalama ya eneo lako.

Kila mtu na hali yake

Dada zangu, mpango huu umewaegemea ninyi kwa makusudi. Jimu nyingi ni za wanaume, au huwapa wanawake saa ambazo ndizo za jikoni na watoto. Chumbani mwako, mlango ukiwa umefungwa, hakuna anayekutazama na huhitaji trekisuti. Suruali nyepesi na fulana zinatosha, na kama hutaki kuvua dera, lifunge pembeni lisikunase miguu. Aliyejifungua amalize arobaini yake na azungumze na mkunga au daktari kabla ya kuanza. Aliyefanyiwa upasuaji husubiri zaidi. Wa kwanza kurudi ni daraja na kutembea, ubao huja mwisho.

Wazee wetu wana kipimo chao kwenye mkeka. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil aliwataka watu zaidi ya 2,000 wa umri wa miaka 51 hadi 80 waketi sakafuni na kuinuka, kisha akafuatilia maisha yao. Matokeo yaliyotolewa 2012 yalionyesha kuwa waliohitaji kujiegemeza sana kwa mikono na magoti walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Sisi bado tunakula na kunywa chai tukiwa tumeketi chini, na hiyo ni neema. Mzee na bibi waendelee kuketi chini na kuinuka wenyewe mara kadhaa kwa siku, mtu mzima akisimama karibu, na wafanye kuchuchumaa kwa kiti na pushapu ya ukutani. Kumnunulia mzee sofa na kumkataza kuinuka ni mapenzi yanayomdhoofisha.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla ya kuanza na awe na tende karibu, kwani mazoezi hushusha sukari zaidi. Mwenye maumivu ya kifua, presha iliyo juu sana au ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari.

Ramadhani ikifika, usiache kabisa. Fanya mzunguko mmoja mwepesi muda mfupi kabla ya futari, maji yakiwa yamekaribia, au mizunguko miwili baada ya tarawehe. Lengo la mwezi huo liwe kutopoteza ulichopata.

Kwa wanaotafuna miraa nasema wazi: miraa hupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo, hukata hamu ya maji na kuiba usingizi. Usifanye mazoezi ukiwa nayo mdomoni wala saa chache baadaye. Wengi wanaoanza kuamka alfajiri kwa mazoezi hujikuta wenyewe wanapunguza vikao vya usiku, na hiyo ni faida nyingine. Vivyo hivyo kwa sukari ya chai. Dakika 20 za mkekani haziwezi kufuta vikombe sita vyenye vijiko vinne kila kimoja.

Lini mashine inafaa

Zipo hali ambapo mashine ndiyo jibu. Mwenye goti lililochakaa anaweza kukanyaga baisikeli ya ndani bila maumivu ambayo kutembea kungempa. Anayerudi kutoka kwenye kiharusi huhitaji mahali pa kushikilia na mtaalamu kando yake. Na hospitalini mashine ya kukimbilia ni chombo cha uchunguzi. Tangu Daktari Robert Bruce wa Seattle alipoweka utaratibu wake miaka ya 1960, mgonjwa hutembezwa juu yake, kasi na mwinuko vikiongezwa kila dakika tatu, huku moyo wake ukisomwa kwa nyaya. Pia kama una jimu karibu, una uwezo na unaipenda, nenda, ila usiishie kwenye mashine za kukimbilia. Mtu mzima wa kawaida, mwenye miguu miwili na presha ya kudhibitika, hana sababu ya kuisubiri mashine ndipo aanze.

Miezi mitatu ikitimia, rudi kituo cha afya na daftari lako. Linganisha presha, sukari na mzingo wa kiuno. Hesabu pushapu unazopiga sasa na kule ulikoanzia. Jiangalie unavyoinuka sakafuni. Kama namba za presha hazikushuka, usiache dawa na usiache mazoezi, zungumza na daktari. Na ile pesa uliyotaka kulipia jimu inunue kipimo cha presha cha nyumbani, kitakachotumiwa na baba, mama, shangazi na majirani.

Ipo faida moja ya mwisho ambayo haiandikwi kwenye bei ya mashine yoyote. Mashine hupandwa na mtu mmoja, wengine wakisubiri zamu. Kwenye sakafu ya sebule, mama, binti zake na nyanya yao wanaweza kufanya mzunguko mmoja kwa pamoja, kila mmoja kwa kiwango chake, huyu ukutani, yule magotini, mwingine kwenye kiti. Mtoto aliyekua akiona hayo hatahitaji kushawishiwa akifika miaka 40. Basi usianze peke yako. Waite wa nyumbani kwako, chagueni siku zenu tatu, na mzunguko wa kwanza mfanye kesho alfajiri.